Jasho sawa, kombe moja: siku wenyeji walishinda kriketi ku mizani

Siku ya Mungu, tarehe 14 mwezi wa saba 2019, mu uwanja wa Lord's kule London, ekipe mbili zilitumika muchana kutwa, na mangaribi hesabu ikatoka sawa: 241 kwa 241. Wakaongeza kipande kingine cha mechi, kifupi, juu wapate mushindi. Tena hesabu ikatoka sawa: 15 kwa 15. Kombe ni moja, haliwezi kukatwa vipande mbili. Njo wakaenda ku kitabu cha sheria, ku mustari moja wenye watu wengi hawakukuwa wanaufikiri, na kwa ule mustari Uingereza, wenyeji, wakapewa Kombe la Dunia la kriketi ya siku moja. New Zealand, wenye hawakuzidiwa mu hesabu ya ile siku hata mara moja, wakarudi kwao mikono tupu.

Wandugu wasomaji, tunajua mutatuuliza: kriketi inatuhusu nini, sisi watu wa Mazembe na Lupopo? Inatuhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza: mutu wa mwisho kukimbia ile mangaribi, mbele ya hesabu ya 241 kufungwa, alikuwa mutoto wa muji wa makaa, muji wenye ulizaliwa ku shimo sawa miji yetu. Ya pili: kila mutu mwenye amebeba mufuko wa mawe mpaka kwa mununuzi anajua vile inauma kutoa jasho sawa na mwenzako, kisha kulipwa tofauti juu ya namna ya kupima.

Mchezo wenye uko sawa poste ya kazi

Wale wenye wanapita Kasumbalesa na kushuka mpaka Zimbabwe ao Afrika ya Kusini wameuona hii mchezo ku televizyo. Wafanyabiashara Wahindi na Wapakistani wenye wako kati yetu wanaufuata sawa vile sisi tunafuata mupira wa miguu. Kwa wengine, tueleze kidogo.

Kila ekipe iko na watu 11. Ekipe moja inapiga, ingine inatupa na kukamata. Mutupaji anakuja mbio na kutupa mupira mudogo, mugumu, wa ngozi. Mupigaji anasimama na ubao wake, na nyuma yake kuko vijiti tatu vyenye vimesimamishwa. Mupira ukiangusha vile vijiti, mupigaji anatoka. Akiupiga juu na mutu akaudaka mbele haujagusa chini, anatoka. Akiupiga muzuri, yeye na mwenzake wanakimbia kubadilishana fasi, na kila safari inahesabiwa mukimbio moja. Kama wanakimbia na mupira unarudishwa ku vijiti mbele hawajafika, mumoja anatoka. Mupira ukiviringika chini mpaka kuvuka mupaka wa uwanja, ni mikimbio 4 bila kukimbia. Ukiruka mu hewa na kuanguka inje ya mupaka, ni 6.

Mipira 6 inaitwa ova. Mu kriketi ya siku moja, kila ekipe inapewa ova 50, ni kusema mipira 300. Zikiisha, ao wapigaji 10 wakitoka, zamu imekwisha na ingine inaingia kutafuta kupita ile hesabu. Ni sawa poste ya kazi: kuko saa ya kuingia, kuko saa ya kutoka, na tani zenye umetoa njo zinaandikwa. Hakuna mutu anakuuliza kama ulichoka.

Kuwa mwenyeji haitoshi

Lile Kombe la 2019 lilianza tarehe 30 mwezi wa tano, mu miji ya Uingereza na Wales. Inchi 10 ziliingia: Uingereza, New Zealand, Australia, India, Pakistan, Sri Lanka, Bangladesh, Afghanistan, Afrika ya Kusini na West Indies, ile ekipe moja ya visiwa vya Karibi. Mechi zote zilikuwa 48. Kila ekipe ilicheza na zingine zote 9, kisha ine za kwanza zikaingia demi-finale.

Majirani wetu wa Zimbabwe hawakukuwamo. Mwaka 2018 mechi za kutafuta tiketi zilichezwa kwao kabisa, na mbele ya watu wao walibakiza kushinda Falme za Kiarabu, ekipe yenye watu wengi waliizania ni ndogo. Walishindwa kwa mikimbio 3. Tiketi zikaenda kwa West Indies na Afghanistan. Mwenye nyumba alifagia kiwanja, wageni wakakula sikukuu.

Waingereza wenyewe walijua ile uchungu. Kombe la kwanza la wanaume lilichezwa kwao 1975, West Indies wakalibeba. 1979 tena kwao, wakafika finale, West Indies wakawapiga. 1983 tena kwao, India wakashinda. 1999 tena kwao, Australia wakashinda. Mu 1987 na 1992 walifika finale mu inchi za wengine, wakashindwa zote mbili. Wao njo walileta kriketi mu dunia, lakini kwa Kombe la Dunia la wanaume walikuwa sawa fundi mwenye anajenga nyumba za watu na yeye mwenyewe analala inje.

Tusisahau wanawake. Wale walikuwa wametangulia zamani: 1973, miaka mbili mbele wanaume waanze lao, wanawake wa Uingereza walishinda Kombe la Dunia la kwanza la kriketi, na lilikuwa kwao. 1993 wakashinda tena kwao, na 2017 tena kwao. Wanaume njo walichelewa.

Na mu 2015 ilikuwa haya kubwa. Kule Australia, Bangladesh waliwapiga na kuwatoa mbele ya robo-finale. Wakubwa wa kriketi ya Uingereza wakaamua kubadilisha namna ya kutumika: kupiga kwa nguvu toka mupira wa kwanza, bila kuogopa. Kapiteni Eoin Morgan wakamuacha fasi yake. Miaka ine ya kujenga, juu ya wiki sita za mechi.

Ashington, muji wa shimo

Kaskazini mashariki ya Uingereza, mu jimbo la Northumberland, kuko muji wa Ashington. Ulijengwa na makaa ya mawe. Nyumba za mustari, moja inafanana na ingine, kama makambi yenye tunajua hapa kwetu. Baba anashuka, mutoto anakomaa, mutoto anashuka. Shimo la Ashington lilifungwa 1988. Ellington, jirani yake, shimo kubwa la mwisho la ile upande, lilifungwa 2005.

Wapenzi wa mupira wa miguu wanajua ule muji bila kujua kama wanaujua, juu njo kwao na Bobby Charlton na kaka yake Jack. Baba yao alikuwa muchimbaji. Jack mwenyewe alionja kazi ya shimo mbele ya kwenda kucheza Leeds. Mu 1966, Uingereza ilipokea Kombe la Dunia la mupira wa miguu na kulishinda, na wale ndugu wawili walikuwa ndani ya ekipe. Mu demi-finale na Ureno, Bobby aliingiza mabuti zote mbili. Baba yake hakuona. Alikuwa na poste ile siku, akaenda kazini. Wake za wachimbaji wenye wanasoma hii ukurasa hawahitaji kuelezewa ile jambo.

Mark Wood alizaliwa mu uleule muji, mu 1990, miaka mbili kisha shimo kufungwa. Yeye hakushuka chini. Alitupa mupira wa kriketi, na alikuwa anautupa kwa mbio ya zaidi ya kilometre 150 kwa saa, bila kuwa mutu mukubwa wa mwili. Mu lile Kombe la 2019 alitoa wapigaji 18.

Kriketi na shimo ni marafiki ya zamani kule Uingereza. Mu majimbo ya makaa wazee walizoea kusema: ukikosa mutupaji wa nguvu, nenda ku mulango wa shimo, piga firimbi, mumoja atapanda. Mukubwa wao wote alikuwa Harold Larwood wa Nottinghamshire, mwenye aliingia kazi ya mugodi na miaka 14. Mu 1932 na 1933, kule Australia, kapiteni wake alimuamuru atupe mipira ku miili ya wapigaji. Alitii, Uingereza ikashinda, na Australia ikapiga kelele mpaka serikali zikaingilia. Kisha wakubwa wakamutaka Larwood aandike barua ya kuomba musamaha. Akakataa: yeye alifuata amri ya kapiteni. Hakuitwa tena mu ekipe ya taifa. Muchimbaji alilipa deni ya mukubwa.

Ekipe ya watu wa kila fasi

Angalia sasa wale 11 wenye walivaa nguo za Uingereza mu finale. Kapiteni Morgan ni mutu wa Dublin, mu Irlande, na mbele alikuwa amechezea Irlande yenyewe. Jofra Archer, mutupaji wa mbio, alizaliwa Barbados. Jason Roy alizaliwa Durban, Afrika ya Kusini. Adil Rashid ni mutoto wa Bradford, na familia yake ina asili ya Pakistan. Na Ben Stokes, mwenye ataibeba hii habari mpaka mwisho, alizaliwa Christchurch, kulekule New Zealand. Alifika Uingereza na miaka 12, wakati baba yake alipewa kazi ya kufundisha rugby mu Workington, muji wa chuma na makaa.

Archer karibu asichezee lile Kombe. Sheria ya zamani ilisema mutu kama yeye angoje miaka 7 mu inchi. Mwisho wa 2018 wakuu wa kriketi ya Uingereza wakaishusha mpaka 3, na Archer akaingia mu ekipe wiki chache tu mbele ya Kombe kuanza. Kuko wenye walinunguna: huyu anatoka wapi, anakuja kuchukua fasi ya mutoto wetu? Kisha Archer akatoa wapigaji 20, zaidi ya Muingereza yeyote, na ile manunguniko ikanyamaza.

Sisi watu wa Katanga tunajua ile maulizo. Makambi ya Union Minière yalijazwa na watu wa Kasai, wa Rwanda-Urundi, wa Rhodesia ya Kaskazini, na wenye vijiji vya hapa, na kati yao Kiswahili chetu kikakomaa. Shaba haikuuliza mutu alizaliwa wapi. Lakini tunakumbuka pia 1992 na 1993, wakati watu wenye walizaliwa Likasi na Kolwezi walifukuzwa na kulala ku gare, juu babu yao alitoka Kasai. Ni vizuri kuona fasi ingine ya dunia wenye walitoka mbali wanapewa kazi nzito, na wanaimaliza.

Kisha finale, mwandishi mumoja alimuuliza Morgan kama ilikuwa bahati ya Wairlande. Morgan akajibu kama alikuwa ameongea na Rashid, na Rashid akamuambia Allah alikuwa pamoja nao. Mukristo wa Dublin na Muislamu wa Bradford, mu ekipe moja ya Uingereza.

Hesabu inaokoa, hesabu inaua

Njia ya kufika finale haikukuwa laini. Wenyeji walipigwa na Pakistan, wakapigwa na Sri Lanka, wakapigwa na Australia. Wakabakiza mechi mbili, na kila moja ilikuwa ya kufa ao kupona. India wakaishinda kwa mikimbio 31 kule Birmingham. Ya pili ilichezwa Chester-le-Street, mu jimbo la Durham, inchi ya makaa kwa miaka mingi, ku uwanja wa nyumbani wa Stokes na Wood. Pale wakaipiga New Zealand kwa mikimbio 119. Mu demi-finale wakalipiza Australia, wakaishinda na wapigaji 8 bado kutoka.

New Zealand nao waliponea ku mulango. Walikuwa sawa na Pakistan, pointi 11 kwa 11, na Pakistan walikuwa wamewashinda uso kwa uso. Lakini sheria ilisema: ekipe zikilingana pointi na mechi zenye zilishinda, tunaangalia mwendo wa mikimbio mu mechi zote. New Zealand walikuwa na mwendo muzuri kupita Pakistan. Wakaingia wao, Pakistan wakapanda ndege. Tukumbuke hii: ile mizani yenye iliwaumiza ku mwisho, mbele ilikuwa imewaokoa.

Mu demi-finale, kule Manchester, mvua iligawa mechi siku mbili. India walikuwa wanakaribia wakati Martin Guptill wa New Zealand alirusha mupira toka mbali, ukagonga vijiti, na muzee wa India Mahendra Singh Dhoni akatoka. New Zealand wakashinda kwa mikimbio 18. Mushike jina la Guptill na ule mukono wake.

Ile mangaribi ya Lord's

Ile siku kuko jambo lingine dogo lenye familia nyingi za Uingereza hazitasahau. Toka 2005 kulipita, kriketi kubwa ilikuwa paka ya wale wenye kulipa abonema ya televizyo. Kwa finale, kampuni yenye ilikuwa na haki ilikubali ionyeshwe bure. Watoto wa makambi ya zamani waliona bila baba kutoa pesa.

New Zealand walipiga kwanza, wakapata 241, wapigaji 8 wakatoka. Haikukuwa mingi, lakini uwanja ulikuwa muzito, mupira ulikuwa unakawia. Uingereza walipoingia wakaanza kuanguka: walipofika 86, wapigaji ine walikuwa wametoka. Pale Stokes na Jos Buttler wakashikana. Pole pole, mukimbio kwa mukimbio, wakaongeza 110 pamoja. Buttler akatoka na 59 yake. Stokes akabaki.

Mu ova ya mbele ya mwisho, Stokes alipiga mupira juu. Trent Boult, muchezaji wa New Zealand, akaudaka ku mupaka kabisa. Uwanja wote ulinyamaza. Lakini Boult alirudisha muguu nyuma akakanyaga kamba ya mupaka, na mupira ulikuwa bado mikononi. Badala ya Stokes kutoka, ikawa mikimbio 6. Muguu moja, sentimetre chache.

Ova ya mwisho: Uingereza walikuwa wanatafuta 15, mutupaji ni Boult yuleyule. Mupira wa kwanza, sifuri. Wa pili, sifuri. Wa tatu, Stokes akaupeleka mu hewa, 6. Wa ine, Stokes aliupiga na kukimbia, akarudi kwa mukimbio wa pili, akajitupa chini kuokoa maisha yake. Guptill alirusha toka mbali, sawa vile alimurushia Dhoni. Ule mupira ukagonga ubao wa Stokes mwenye alikuwa chini, ukaruka upande, ukaviringika mpaka kuvuka mupaka. Stokes aliinua mikono kuomba musamaha: hakufanya kwa kusudi. Arbitri akaandika 6, ni kusema 2 za kukimbia na 4 za mupaka.

Zikabaki 3 kwa mipira 2. Mupira wa tano: mukimbio moja ukaingia, Rashid akatolewa akikimbilia wa pili. Mupira wa sita: wanatafuta 2. Mark Wood alikuwa mutu wa mwisho ku liste. Mbavu zilikuwa zinamuuma toka wakati alikuwa anatupa. Hakupewa kupiga hata mupira moja. Kazi yake ilikuwa kukimbia tu. Stokes akasukuma mupira, wakabadilishana fasi mara moja, wakageuka kwa ya pili, na Wood hakufika. 241 kwa 241. Mutoto wa Ashington alikuwa njo jasho la mwisho la ile poste.

Kisha ikaja ova moja moja ya kutenganisha, yenye wanaita supa ova. Stokes na Buttler wakarudi, miguu imekwisha, wakapata 15. Kwa New Zealand, mutupaji alikuwa Archer, kijana mwenye miezi michache mbele hakukuwa na ruhusa ya kuvaa ile nguo. James Neesham akamupiga 6. Ikafika mupira wa mwisho: New Zealand wanatafuta 2. Mupigaji ni Guptill. Akapiga, wakapata moja, akakimbia kwa ya pili. Roy akarusha, Buttler akashika na kuangusha vijiti. Guptill alikuwa chini, bado kufika. 15 kwa 15.

Mustari wenye ulilipa

Sheria ilisema: supa ova ikitoka sawa, hesabu mara ngapi kila ekipe ilipeleka mupira ku mupaka mechi yote. Uingereza 26. New Zealand 17. Basi, kombe kwa wenyeji, mara yao ya kwanza.

Watu wengi waliuliza, na wako na haki: juu ya nini ile njo ipimwe? Ekipe moja ilipata 241 yake kwa kupiga nguvu, ingine kwa kukimbia mingi. Mukimbio ni mukimbio. Na kama munatafuta kipimo kingine, New Zealand walipoteza wapigaji 8 tu wakati Uingereza walipoteza wote 10. Kwa ile mizani ingine, kombe lingeenda upande wa pili. Jasho ni lilelile, paka mizani inabadilika.

Hapa muchimbaji hahitaji mwalimu. Watu wawili wanafika kwa mununuzi na mifuko ya uzito moja. Mununuzi anatoa chombo chake, anapima kiasi cha shaba ao kobalti yenye iko ndani ya jiwe, ile yenye tunaita teneur, anatoa pesa ya maji, anatoa pesa ya hii na ile. Mumoja anatoka na bei, mwengine anatoka na huzuni. Wakati ya kulalamika, chombo kimekwisha kusema.

Tena kulikuwa kosa. Kwa ule mupira wa ine wenye uligonga ubao wa Stokes, sheria inataka ule mukimbio wa pili uhesabiwe tu kama wapigaji walikuwa wamepishana wakati Guptill alirusha. Picha za televizyo zilionyesha hawakukuwa wamepishana bado. Ilipaswa kuandikwa 5, apana 6, na Rashid njo angepiga mupira wenye ulifuata. Arbitri Kumar Dharmasena wa Sri Lanka, mwenye alitoa ile alama, alikubali kisha siku chache kama alikosea. Pale uwanjani hakukuwa na picha ya kuangalia.

Na New Zealand walifanya nini? Hawakuzunguka arbitri. Hawakukataa medali. Kapiteni wao Kane Williamson, mwenye alichaguliwa muchezaji bora wa lile Kombe lote, alisema kama sheria zilikuwa pale toka mwanzo, na kila mutu alizikubali mbele ya kucheza. Ilimuuma, na alisema inauma. Lakini hakumutukana mutu. Mu ileile mwezi, New Zealand walitaka kumuingiza Stokes ku liste ya wenye kugombea heshima ya mutu bora wa mwaka kwao, juu alizaliwa kule. Stokes akakataa, akasema Williamson njo anastahili.

Wazee wanasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Ni kweli. Lakini kukubali si kunyamaza. Watu waliendelea kusema, wachezaji wa zamani, waandishi, mashabiki wa inchi zote, hata wenye hawakukuwa wa New Zealand. Na mu mwezi wa kumi ya mwaka uleule, wakubwa wa kriketi ya dunia waliifuta ile sheria ya kuhesabu mipaka. Sasa mu demi-finale na finale, supa ova ikitoka sawa, wanacheza ingine, na ingine, mpaka mumoja ashinde kwa mikimbio.

Kwa Williamson na wenzake haikurudisha kitu. Kombe la ule mwaka lilibaki kwa Waingereza. Faida ni ya wale wenye watakuja nyuma yao, sawa vile kila kitu chenye muchimbaji wa leo anapata, kofia, viatu, siku ya kupumuzika, kililipiwa na mutu wa zamani mwenye yeye mwenyewe hakukipata.

Wenyeji walishinda, na walistahili kucheza finale. Hakuna mutu anawanyanganya. Lakini mu nyumba za wachimbaji, wakati munaongea hii habari na watoto, muwaambie pia ile upande ingine. Ekipe mbili kubwa za dunia ziliingia mu finale zikijua kila kitu juu ya mupira, juu ya uwanja, juu ya upepo, na kombe likaamuliwa na mustari wenye karibu hakuna mutu aliuongelea mbele. Ule mustari uliandikwa mbele ya mupira wa kwanza kutupwa. Kila mutu mwenye anashuka, kila mutu mwenye anatia mukono ku karatasi ya kazi, kila mama mwenye anapeleka mawe kwa mununuzi, aulize mapema, wakati mufuko ungali mukononi mwake: siku tutatoka sawa, hapa munapima nini?